Maji magumu ya Dodoma: heta ya tangi, shawa ya umeme au mtambo wa kulainisha maji?

Mgeni wa Iyumbu
Wakuu, habari za jioni. Nimehamia Dodoma kikazi nikitokea Mwanza, ambako birika letu la umeme halikuwahi kuonyesha utando wowote, lakini hapa limeshaota ganda jeupe ndani. Mwisho wa mwezi natarajia kununua heta ya kuogea na mashine ya kufulia. Fundi ananishauri nianze na mtambo wa kulainisha maji, muuzaji anapendekeza heta ya tangi, na jirani anasisitiza kwamba shawa ya umeme, inayopasha maji papo hapo, inatosha. Naomba ulinganisho kutoka kwa walioishi na maji haya.

Fundi bomba, Area C
Mkuu, umeacha mambo yote ya msingi. Maji yako ni ya DUWASA, yaani mamlaka ya maji ya Dodoma, au ya kisima cha nyumbani? Mpo wangapi? Una tangi la juu lenye urefu wa kutosha kutoa presha? Nyumba ni yako au umepanga? Mtambo wa kulainisha maji hufungwa kwenye bomba kuu linaloingia ndani, na aliyepanga hawezi kukata bomba la mwenye nyumba bila ruhusa. Tena, umepima ugumu wa maji hayo, yaani kiasi cha kalsiamu na magnesi kilichomo? Maji yenye zaidi ya miligramu 180 kwa lita, kwa kipimo cha kalsiamu kabonati, huhesabiwa kuwa magumu sana, lakini anayekaa kwenye 200 na anayekaa kwenye 450 hawawezi kupewa ushauri mmoja.

Mama wa Nkuhungu
Mimi nitasema niliyoyaona, na naomba yasomwe hadi mwisho. Tulinunua heta ya tangi kubwa, tukaifunga, na fundi akaiweka kwenye joto la juu kabisa kwa sababu familia ni kubwa na wote huoga alfajiri. Mwanzoni ilikuwa raha. Baadaye ikaanza kutoa milio kama ya kokoto zinazogongana kila inapochemsha, maji yakachelewa kupata moto, na luku ikawa inaisha mapema huku matumizi mengine yakiwa yale yale. Fundi alipoifungua, elementi, kile chuma kinachopasha maji, ilikuwa imevikwa ganda nene mno, imepasuka upande mmoja, na sakafu ya tangi imejaa vipande vyeupe tulivyovitoa kwa mkono. Fimbo ya magnesi inayolinda tangi dhidi ya kutu ilikuwa imeliwa karibu yote, wala hakuna aliyewahi kutueleza kwamba hukaguliwa. Tuliporudi dukani tulijibiwa kwamba dhamana haihusu uharibifu wa maji magumu. Tangu hapo kwetu ni shawa ya umeme, na elementi yake ikiungua tunabadilisha kwa gharama ndogo.

Mwalimu wa Kemia
Pole sana, dada. Kosa la msingi hapo lilikuwa joto. Sehemu ya ugumu unaotokana na bikaboneti za kalsiamu na magnesi huwa ya muda: maji yakipashwa moto, kabonati hujitenga na kuganda juu ya kitu chenye joto zaidi, yaani elementi yenyewe. Ganda hilo huzuia joto lisipite kwenda kwenye maji, kwa hiyo elementi hujichoma. Kadiri joto linavyozidi nyuzi 60, ndivyo ganda linavyojengeka haraka. Ugumu wa kudumu, unaotokana na salfeti na kloridi, hauondoki kwa kuchemsha. Mgeni atambue pia kwamba mtambo wa kulainisha hautaondoa ladha ya chumvi, kwa kuwa hutoa kalsiamu na magnesi na kuweka sodiamu mahali pake tu.

Mkazi wa Kisasa
Hiyo sodiamu ndiyo inayonitia wasiwasi. Mzazi wangu ana shinikizo la damu, na sitaki maji hayo yafike jikoni.

Mwalimu wa Kemia
Wasiwasi wako una msingi. Kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa huongeza takribani miligramu 46 za sodiamu kwa lita. Acheni bomba la jikoni lipokee maji yasiyolainishwa.

Fundi bomba, Area C
Na msinunue sumaku za kufunga nje ya bomba zinazodaiwa kuzuia ganda. Nimezitoa kwenye nyumba kadhaa, na heta zilizokuwa mbele yake zilikuwa na ganda kama za majirani.

Mdau wa Ihumwa
Siwezi kukubaliana na ndugu fundi. Kwangu sumaku imefanya kazi na birika halina ganda.

Fundi bomba, Area C
Ihumwa kuna visima tofauti na vya Mzakwe vinavyolisha DUWASA. Leta kipimo cha maji yako kabla ya kuisifu sumaku.

Mkazi wa Kisasa
Haya yote yatapungua bwawa la Farkwa, la kuleta maji ya mto Dodoma, likikamilika, maana maji ya mto kwa kawaida ni laini kuliko ya visima.

Mama wa Nkuhungu
Ndugu yangu, mtu anayenunua heta mwezi huu hawezi kusubiri bwawa. Kuhusu mashine ya kufulia, ushauri wangu ni ile ya matangi mawili, kwa sababu haina elementi ndani na hufua kwa maji baridi, hivyo ugumu utakula sabuni tu. Magadi kidogo hupunguza hata hasara hiyo, ila yasiguse vyombo vya alumini. Birika lisafishwe kwa unga wa ndimu uliokorogwa katika maji ya moto.

Mgeni wa Iyumbu
Nashukuru sana. Maji ni ya DUWASA, tupo watu watano, nimepanga, na tangi lipo juu ya paa la chini la jikoni. Nitapeleka sampuli ikapimwe kabla ya kununua heta yoyote. Mashine ya matangi mawili nimeikubali, lakini kuhusu heta bado sijaridhika: kuna yeyote aliyefunga heta ya tangi, akaiweka kwenye nyuzi 55 na kuisafisha kila mwaka, ikadumu kwa maji haya?

Fundi bomba, Area C
Tangi la juu ya jikoni halitatoa presha ya kutosha kwa aina nyingi za shawa za umeme bila pampu. Tupe kwanza urefu kutoka tangi hadi shawa.