Naomba ushauri: ejenti wa AI anachanganya zana

Asalaam aleikum jamani, mie niko Unguja mjini natengeneza ejenti wa AI wa kuwajibu wageni wa gesti yetu, ana zana mbili (yaani kazi za programu anazoweza kuziita), tafuta_chumba ya kuangalia vilivyo wazi na nyengine weka_chumba ya kubuku kabisa, sasa mgeni akiuliza tu "Ijumaa kuna nafasi?" yeye anambukia hapo hapo! Modeli (yaani ubongo wa AI wa huyo ejenti) haioni programu ya ndani ya zana, inasoma jina, maelezo na vigezo (taarifa ambazo zana inapokea, kama tarehe na saa) basi, kwa hiyo nataka niandike kwenye maelezo ya weka_chumba "tumia baada ya mgeni kukubali bei na tarehe, usitumie kwa kuulizia". Itatosha au nizuie kwenye programu pia?

Saa ndo zinanitia wasiwasi zaidi. Mgeni wa Pemba akisema boti yake inafika saa mbili asubuhi, zana inapokea 02:00 badala ya 08:00, mtu wetu aende bandarini Malindi usiku wa manane kumpokea nani? Niweke mifano ndani ya maelezo ya kigezo, au ejenti alete maneno ya mgeni kama yalivyo nibadilishe mwenyewe? Maelezo marefu nayo yanakula tokeni (vipande vya maneno modeli inavyovisoma) kila ombi. Aliyewahi kulitatua hili anisaidie tafadhali.