Naombeni ushauri: Irente, Lushoto na mama mwenye shida ya goti, ataweza?

BintiPwani: Habari zenu wapendwa, Desemba watoto wakifunga shule nataka tupande Lushoto na safari hii nakwenda na mama yangu, ana miaka 67 na goti moja linamsumbua. Maisha yake yote yuko Tanga, milima ya Usambara anaionaga tu dirishani akiwa kwenye basi la Arusha, sasa anasema na yeye anataka asimame kule juu aangalie chini. Nasikia Irente, pale ukingoni mwa mlima watu wanapoangalia chini, panafikika bila shida, je ni mbali kiasi gani kwa mguu na kuna sehemu ya kukaa tukala? Wanangu wana miaka 6 na 9.

MtotoWaMlimani: Karibuni sana nyumbani dada. Kutoka Lushoto mjini ni kama kilomita 6, ukienda mwendo wa kawaida saa moja na nusu hadi mbili, njia ni barabara ya vumbi inapita kwenye migomba na mashamba ya watu, hakuna kupanda mawe. Ila inapanda taratibu muda mrefu na kwa goti la mama hapana, mchukulieni gari mpaka Irente Farm ambayo mnaikuta kabla ya kufika kileleni, pale wanatengeneza jibini, jemu na mkate wao wenyewe, toeni oda mapema muandaliwe chakula mle bustanini. Mkishakula ndo mmalizie kwenda juu, na hapo mama akitaka kutembea kidogo atembee, akichoka gari lipo.

Kondakta_mstaafu: Mama atafurahi sana huyo. Ukisimama pale mlima unakatika ghafla, chini karibu mita 1000 unaona Mazinde, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, na ile ile barabara ya Arusha aliyokuwa anapita na basi, halafu nyika ya Umasaini mpaka macho yanachoka. Mwonyeshe hiyo barabara, tafadhali usisahau.

Mama P: Jamani watoto!! Pale mwisho ni mwamba na chini ni shimo, usitegemee uzio, huyo wa miaka 6 mshike mkono muda wote na kupiga picha mkiwa mmekaa, siyo kusimama ukingoni. Kama mvua imenyesha mwamba unateleza, bakini nyuma. Na vitoto vya njiani vikiwaletea kinyonga kwenye kijiti msivipe hela, vinyonga wale wanateseka, wengine hawapatikani popote duniani zaidi ya milima hii.

BintiPwani: Asanteni mno, yaani hiyo ya barabara sikuwaza kabisa. Muda gani mzuri, na huko juu baridi ikoje kwa mtu wa Tanga?

MtotoWaMlimani: Asubuhi sana ukungu unaweza kufunika kote msione kitu, nendeni kuanzia saa nne, au jioni kama anataka kuona jua linazama huko nyikani, ila ikiwa jioni dereva awasubiri, msirudi kwa mguu gizani na mama. Desemba siyo baridi kama ya Juni na Julai lakini mji uko mita 1400 hivi, sweta na kanga nzito abebe.

Kondakta_mstaafu: Na kutoka Mombo kupanda ni kona tupu kilomita 33, watoto wasishibe sana kabla, mama akae siti ya mbele. Mkifika Soni njiani simameni mnyooshe miguu, maporomoko ya maji yako hapo hapo kando ya barabara.