Tupeane uzoefu: duka la simuni unalifunga saa ngapi?

Assalaam alaykum wenzangu. Nauza udi, mafusho na mafuta mazuri, naishi Ng'ambo hapa mjini Unguja. Fremu sina. Duka langu ni simu: stetasi za WhatsApp, picha za Instagram, na kijana wa bodaboda anayenipelekea mizigo. Mwaka wa nne huu, na alhamdulillah, ada za skuli za wanangu wawili zinatoka humo humo.

Lililonifanya niandike ni hili. Mwezi uliopita mama alikuja kutoka Makunduchi kunitazama. Baada ya Isha tumekaa mkekani, ananihadithia siku babu alipopotea baharini na ngalawa yake, na mimi naitikia "enhe, enhe", macho yako kwenye simu. Mteja wa Mbweni alikuwa anauliza kama udi wa sukari umebaki, halafu akataka picha ya kopo dogo, halafu ya kopo kubwa. Nilipoinua uso mama alikuwa amenyamaza. Nikamwambia, "Enhe mama, ikawaje?" Akajibu, "Nshamaliza mwanangu." Hakuwa amemaliza. Najua, kwa sababu mara ya mwisho niliposikiliza babu alikuwa bado yuko majini.

Kopo lenyewe dogo ni shilingi 5,000. Na mteja hakununua.

Basi nauliza wanaofanya biashara kwa simu, Unguja na Pemba: mnafungaje? Mwenye duka Darajani akishateremsha mlango, mteja anajua pamefungwa, atarudi kesho. Sisi mlango wetu uko wapi? Semeni yaliyokukuteni, yaliyofaa na yaliyoshindikana.

— Kutoka Wete

Waalaykum salaam dada. Mimi nauza halua, na aliyenifunza kufunga ni boti. Wateja wangu wengi wako Unguja na Dar es Salaam. Mwanzo mtu akiniandikia saa sita za usiku namjibu pale pale, "kesho inshallah". Kesho hakuna boti. Kesho kutwa boti ipo, lakini fundi wangu bado yuko jikoni na mwiko, halua haijashika. Halua haikimbizwi, ukiipakua mapema inakuwa uji wa wanga na sukari, hata uitie iliki na kungumanga za dunia nzima. Mteja anakasirika, mimi sijalala, fundi ananilaumu.

Sasa kila Jumamosi naandika kwenye stetasi siku za mzigo wiki ile, na kwamba oda ziingie kabla ya Magharibi ya siku ya kuamkia boti. Ikipita hapo inasubiri boti nyengine. Wawili waliniacha. Waliobaki wanaagiza mapema, na mmoja siku hizi ndiye anayenikumbusha mimi.

Wiki ya Idi ni mambo mengine, sikudanganyi. Wiki ile halali mtu hapa.

— Kutoka Mwanakwerekwe

La kwangu fupi. Saa tano na nusu za usiku, nimechoka, mteja kanitumia picha ya meseji ya muamala, shilingi 180,000. Nikaitazama ile picha, sikutazama salio. Asubuhi nimeshampa bodaboda simu mbili za kitochi na spika, mzigo umeondoka, ndipo nafungua salio: hamna kitu. Namba imezimwa. Tokea siku ile biashara ya pesa sifanyi nikiwa na usingizi. Usiku kuuliza rukhsa, kulipana ni asubuhi, na salio kwanza.

— Kutoka Paje

Mimi na wenzangu tunalima mwani na tunatengeneza sabuni. Mwani mkavu peke yake hauna bei ya kumweka mtu. Aina ya mwani iitwayo cottonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini maji yakipata joto inakufa, kwa hivyo wengi tunabaki na aina nyengine, spinosum. Ndiyo maana tukaingia kwenye sabuni: mwani tunausaga unga, tunachanganya na mafuta ya nazi, tunatia karafuu au mlangilangi. Sabuni zinauzwa kwa picha, kwa wageni waliopita hapa na kwa watu wa mjini.

Sasa saa zetu zinafuata maji. Wakati wa bamvua maji yakishatoka tumo baharini, tunafunga mbegu kwa taitai, tunakaza kamba kwenye vigingi, na huwezi kusema ngoja nijibu mtu. Maji hayakungoji. Simu tunaiacha nyumbani. Mwaka wa kwanza tukirudi tunakuta watu wameshanuna: "mbona hamjibu?" Binti yangu akatuwekea ule ujumbe unaojituma wenyewe, kauandika kwa Kiswahili na Kiingereza: "Tuko baharini. Tutakujibu maji yakijaa."

Dada, tangu siku ile hakuna aliyenuna. Watu wanauliza maji yanajaa saa ngapi. Weka na wewe, na useme kweli uko wapi. "Niko na mama" pia ni jibu.

— Kutoka Nungwi

Naratibu safari za wageni, boti za kwenda kuzamia na kutazama machweo. Shida yangu ni masaa ya watu. New York ikiwa saa kumi na mbili za jioni, mtu katoka kazini kakaa kupanga likizo yake, huku kwetu ni saa saba za usiku, na msimu wao wa baridi ni saa nane. Miaka miwili nililala na simu chini ya mto. Mke wangu akahamia chumba cha watoto, hatukugombana, alikuwa anataka kulala tu.

Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zikakatika chini ya bahari na intaneti ikazorota nchi nzima. Nilihangaika usiku wa kwanza kama nimefiwa. Usiku wa pili nikalala mpaka Alfajiri. Mtandao ulipotengemaa nikahesabu: safari nilizozikosa kwa kutojibu zilikuwa mbili. Mbili! Mimi nilikuwa nadhani ni biashara yote. Sasa sijibu mpaka nimeswali Alfajiri, na wengi nawakuta bado wananisubiri. Mke amerudi chumbani.

— Kutoka Chake Chake

Nawaheshimu, lakini mimi nawapinga. Nina mtoto asiyeweza kutembea, ana miaka tisa. Mchana wote ni wake: kumgeuza, kumlisha, kumkanda miguu. Ofisi gani ingenichukua? Nashona kofia za mkono, na saa mbili za usiku anapolala ndipo duka langu linapofunguka. Kama simu ingefungwa jioni, mimi na mwanangu tungekula nini? Usiku ule, taa iko karibu na sindano, tundu moja baada ya jengine, meseji ikiingia nafurahi. Ni sauti ya mtu mzima anayezungumza na mimi.

Nilichokifunga mimi si saa, ni kubishana. Kofia moja inanichukua miezi miwili, na mtu anaandika "bei ya mwisho?" kama anauliza nyanya. Nilikuwa najibizana mpaka machozi. Sasa bei naiandika juu ya picha yenyewe, na chini yake: "Haipungui." Hiyo imenipa usingizi zaidi kuliko kuzima simu.

— Kutoka Mji Mkongwe

Wanangu, mimi nilikuwa na kafe ya intaneti huku Mji Mkongwe, kompyuta sita. Disemba 2009 umeme wa kutoka Bara ukakatika Unguja nzima, haukurudi mpaka Machi 2010. Petroli ya jenereta ilikula faida yote, ikafika siku ninafunga Magharibi kwa kuwa sina la kufanya. Hasara ile sikuimaliza kuilipa mpaka miaka miwili. Lakini nilikaa barazani na kaka yangu kila usiku kwa miezi mitatu, gizani, tunazungumza. Amefariki 2013. Nikimkumbuka, namkumbuka sauti yake katika giza lile.

— Mwenye mada, Ng'ambo

Nimezisoma zote, ya mzee wa Mji Mkongwe nimeisoma mara mbili. Mwenzangu wa Chake, umenifunza kitu, sikuwa nimemfikiria mtu wa hali yako nilipouliza. Nitumie picha za kofia zako nizitie kwenye stetasi yangu, na bei yako haipunguzwi.

Ujumbe wa kujituma nimeshauweka. Jana nilimpigia mama nikamuomba anihadithie tena ile ya babu na ngalawa. Kasema hadithi ndefu haisemwi kwenye simu, niende. Jumamosi asubuhi napanda gari ya Makunduchi. Simu ya biashara itabaki na mdogo wangu hadi Jumapili jioni.