Mjadala: Gonjwa likizuka tena, wafungwa waachiliwe mapema?

Msaidizi wa kisheria, Maweni (Malindi)

Wenyeji, nauleta mjadala huu mbele yenu tujadiliane kwa uwazi kabla hatujaandika ombi letu. Likizuka tena gonjwa la kuambukiza kama lile la 2020, wafungwa waachiliwe kabla ya muda wao? Mimi nasema waachiliwe, na foleni ianze na mahabusu, watu ambao bado hakuna hakimu aliyewatia hatiani.

Nikumbushe kidogo. Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye jamaa wakazuiwa kuwatembelea watu wao magerezani. Mwezi Aprili, wakati Jaji Mkuu ni David Maraga, Mahakama Kuu ilipitia upya vifungo vya makosa madogo, hasa vya waliofungwa chini ya miezi 6 au waliobakiza muda kama huo, na watu zaidi ya 4,000 wakatoka kote nchini. Haikuwa huruma tu. Magereza ya Kenya yalijengewa watu wasiofika 30,000, na kabla ya korona yalikuwa na zaidi ya 50,000. Serikali ilituagiza tukae mita moja na nusu mtu na mwenzake. Ndani ya seli ambamo watu hulala ubavu kwa ubavu, mmoja akijigeuza wote wajigeuze, agizo hilo halitekelezeki hata askari awe na nia njema kiasi gani. Na ile sabuni aliyokuwa akiletewa mfungwa na mamake nayo ikakatika.

Sasa mahabusu. Ibara ya 49 ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, na inakataza kumweka rumande mtu ambaye adhabu ya kosa lake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi 6. Lakini huku kwetu mkwezi wa minazi anaweza kupewa bondi ya 50,000 pamoja na mdhamini, na mdhamini huyo akaombwa hati ya shamba. Ataipata wapi? Kuna koo nzima nzima hapa Malindi na huko Magarini ambazo zimezaliana na kuzikana kwenye ardhi ambayo karatasi yake iko kwa mtu mwingine. Basi kijana anabaki ndani, si kwa kuwa ni hatari, bali kwa kuwa babu yake alikuwa skwota. Maradhi yakiingia huko yanaweza kumuua kabla kesi yake haijasikizwa. Hilo mimi siwezi kuliita haki.

Mwenye duka, Majengo

Kakangu, maneno yako ni matamu kwa asiyeibiwa. Mwaka huohuo unaoutaja, hoteli zilifungwa kuanzia Malindi hadi Watamu, vijana wa ufuoni wakarudi nyumbani mikono mitupu, na kafyu ikatuingiza ndani mapema. Mtu akitolewa jela wakati kama huo atakula nini? Atakula dukani kwangu, usiku. Wapigiwe mahema na kuwekewa maji humohumo ndani.

Mke wa askari jela

Aisifuye mvua imemnyea. Mahema hayo, kaka wa Majengo, atayalinda nani? Mume wangu. Askari huingia zamu akachanganyika na mamia ya watu, kisha hutoka akapanda tuktuk pamoja nawe, akanunua maziwa kwako, akaja nyumbani ambako tunalala na watoto chumba kimoja. Mwaka 2020 nilikuwa nikimwekea ndoo ya maji na sabuni mlangoni, sare zake nazilowekea nje, watoto nimewakataza kumkimbilia baba yao. Mkisema ugonjwa ubaki humohumo, jueni kwamba mnasema ubaki kwangu. Wala korona si ya kwanza. Kifua kikuu kilikuwako kabla yake na kiko hadi leo, nacho huenda kwa pumzi vilevile.

Halafu mnazungumza kana kwamba ndani mna wanaume pekee. Sheria inamruhusu mama mfungwa kukaa na mwanawe hadi atimize miaka 4. Mtoto huyo kaiba nini?

Nahodha, Lamu

Kwetu jela ilikuwa ndani ya Ngome ya Lamu, katikati ya mji, kando ya soko, tangu 1910 hadi 1984. Leo iko Hindi, ng'ambo bara, na mtu wa Lamu pia huweza kujikuta amefungwa huko kwenu Malindi. Nauliza la safari. Kaunti ya Kilifi ilifungwa, hakuna kuingia wala kutoka, kuanzia tarehe 8 Aprili 2020 hadi mwezi Juni. Mtu wa Faza, kisiwani Pate, akiachiliwa Malindi siku zile angevuka vipi? Mpaka umefungwa, usiku kafyu, mfukoni hana nauli. Huko ni kumtoa kwenye hatari moja na kumtupa barabara ya Garsen, njia ya kwenda Lamu. Naunga mkono waachiliwe, lakini mtu apewe barua ya kusafiria na nauli, na pahali pa kujitenga siku 14 kabla hajapanda mashua. Hospitali kubwa tunayoitegemea visiwani ni King Fahd pekee, na ikizidiwa hatuna pa kukimbilia ila bara.

Mama wa Muyeye

Mwanangu wa Maweni, nimekusoma na kukurudia. Wewe ukitaja mahabusu unamwona mkwezi wa minazi. Mimi namwona mtu aliyemharibu binti wa dadangu. Naye alikuwa mahabusu, hajatiwa hatiani, kesi inaahirishwa kila ikitajwa. Siku alipotoka kwa bondi hatukuambiwa na mtu yeyote. Mtoto alikutana naye kisimani, akaliacha dumu palepale, akakimbia bila viatu hadi nyumbani, na kwenda shule akakataa.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014. Mwathiriwa ana haki ya kupewa taarifa. Sisi hatukupewa. Na Aprili hiyohiyo ya 2020, Baraza la Taifa la Usimamizi wa Haki lenyewe lilitangaza kwamba makosa ya ngono yameongezeka. Shule zilikuwa zimefungwa, watoto wako nyumbani, na anayemdhuru mtoto mara nyingi ni mtu wa nyumba ileile au wa mlango wa pili. Ukimtoa huyo ili asiugue, umemfungia mtoto pamoja naye. Sitaki mtu afe jela. Nataka mnijibu mtoto atalindwaje.

Msaidizi wa kisheria, Maweni

Shikamoo mama. Pole sana kwa yaliyompata mtoto. Anayeshtakiwa kwa kunajisi, kubaka, kuua au wizi wa mabavu asiwemo kwenye foleni hii kabisa. Dawa yake ni kesi kuharakishwa, isikizwe kwa video kama zilivyoanza kusikizwa 2020, badala ya kusukumwa mwezi hadi mwezi. Nami nasema taarifa kwa mwathiriwa itangulie, mlango ufuate.

Kaka wa Majengo, ifikirie hesabu hii. Aliyefungwa miezi 9, sheria ya magereza humpunguzia theluthi akiwa na mwenendo mzuri, atoke baada ya 6. Aliyeshindwa kulipa faini ya 15,000, kifungo chake hakizidi miezi 3. Watu hawa watarudi Majengo tu, maradhi yawepo yasiwepo. Tunaloamua ni kama watarudi wazima au wagonjwa. Tena si lazima wakae bure, kwani sheria ya kutumikia jamii iko tangu 1998. Afisa wa probesheni, anayewasimamia wanaotumikia adhabu nje ya jela, anaweza kuwapanga wazibue mitaro na kuchota maji ya zahanati, kazi ambazo wakati wa gonjwa hukosa watu. Wala kuachilia si lazima kuwe kusamehe. Mwaka 2020 Iran iliwatoa wafungwa wapatao 85,000 kwa muda, kama likizo.

Mwenye duka, Majengo

La mitaro nalikubali, na waanze na ile inayofurika kila masika. La likizo silikubali. Mtu akishafika Kakuyuni, nani atamfuata kumrudisha? Na hao maafisa wa probesheni waongezwe kwanza, kabla gonjwa halijaja, si siku wafungwa wako getini.

Mama wa Muyeye

Marahaba mwanangu. La foleni umenijibu, nashukuru. La taarifa bado. Atakayenipigia simu kabla ya mlango kufunguliwa ni nani: koti, polisi, gereza au chifu? Sisi tulipouliza, kila mmoja alituelekeza kwa mwenzake. Nitajieni ofisi moja na iandikwe kwenye ombi lenu, nami nitatia sahihi.