Ushauri: guru anayetoa diksha anatakiwa awe na sifa gani hasa?

Mtafutaji_Kisutu
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Naomba ushauri, tafadhali msinibeze. Mimi Mtanzania wa hapahapa Dar, nafuata Vaishnava, njia ya Kihindu ya kumwabudu Krishna, ni miaka sasa. Sili nyama, samaki wala mayai, na kila alfajiri nazungusha shanga 108 mara 16. Swali ni hili, guru (mwalimu wa kiroho) anayefaa kutoa diksha, yaani kumpokea mtu awe mwanafunzi wake rasmi, anapimwa kwa lipi? Rupa Goswami, mwalimu wetu wa kale, kaandika kwamba anayeweza kuzuia msukumo wa maneno, wa fikra, wa hasira, wa ulimi, wa tumbo na wa tamaa ya mwili ndiye anafaa kupokea wanafunzi dunia nzima. Sasa hasira ya mtu ninayemuona akihutubia tu nitaijuaje? Usingizi sipati, na kuna tarehe inakaribia.

MamaNeema
Mwanangu rudi kwa Yesu, mchungaji mwema yupo na hahitaji kupimwa. Nakuombea.

Mzee_wa_Bwagamoyo
Mama muache kijana kauliza jambo la maana. Sisi Waislamu wa tarika ya Qadiriyya hujiiti khalifa tu ukiamka asubuhi, lazima uwe na ijaza, yaani idhini, kutoka kwa aliyekutangulia na silsila, mnyororo wa masheikh, ihesabike mpaka juu. Marehemu babu alikuwa mtu wa zawiya, nyumba ya tarika, ya akina Sheikh Ramiya pale Bagamoyo, anasimulia alivyokuwa anachota maji na kufagia uwanja watu wakimtazama tu, hakuna anayemuambia kitu, mpaka siku akaitwa. Halafu vijana wa siku hizi wanataka kila kitu kwa simu.

Gopal_Nai
Hare Krishna prabhu (ndugu). Mzee kagusa penyewe, na sisi ni hivyo hivyo. Andiko letu la Mundaka Upanishad linataka guru awe amesikia maandiko kwa mnyororo wa walimu na awe ametulia ndani ya Mungu. Bhagavad Gita 4:34 inasema umwendee kwa unyenyekevu, umuulize maswali, umtumikie. Kabila halipo kwenye orodha: mtakatifu wetu Chaitanya alimwambia mfuasi wake Ramananda Raya kwamba awe brahmana wa tabaka la makuhani, awe sannyasi aliyeacha dunia, awe shudra wa tabaka la chini, anayeijua elimu ya Krishna ndiye guru. Prabhupada, mwanzilishi wa ISKCON, jumuiya yetu ya Hare Krishna, alipokuja Nairobi 1971 alishika msimamo huohuo, alitaka milango ifunguliwe kwa Waafrika. Na kitabu chetu cha taratibu, Hari-bhakti-vilasa, kinataka guru na mwanafunzi wachunguzane mwaka mzima, ndani ya ISKCON pia huwezi kutoa diksha mpaka baraza kuu liseme halina pingamizi. Ila nikuulize, hiyo tarehe ni ya nini na huyo guru umekaa naye muda gani?

Mtafutaji_Kisutu
Tarehe ni tarehe tu mkuu. Namjua vya kutosha, mihadhara yake nasikiliza kila siku.

Kipusa255
Mtu hajagusa kitimoto miaka yote hiyo, guru ni wewe mkuu tukupigie magoti sisi 😂😂

Gopal_Nai
Hujajibu. Shingoni una kanthi, ule mkufu wa shanga za mti wa tulasi tunaovishwa kwenye diksha?

Mtafutaji_Kisutu
Ninayo. Sawa niseme tu. Diksha nilishachukua, na jina la Dasa, yaani mtumishi, ninalo. Guru wangu yu hai, yuko nje, hana kashfa yoyote. Ila ana wanafunzi maelfu, nikimwandikia anajibu katibu wake mstari mmoja, mimi nina maswali yananiumiza na hakuna wa kunishika mkono. Huyu wa pili ananipigia mwenyewe, anajua hata jina la mama yangu, nikimsikia nalia. Amekubali kunipa diksha upya na tiketi ya Kolkata nimeshakata. Kwani mtu akifa njaa nyumbani akila kwa jirani ni dhambi?

MamaTulasi_Msa
Mwanangu hilo ndilo ungeanza nalo. Mimi nimeona watu walioachwa kweli. Prabhupada aliwataja wanafunzi kumi na mmoja, Julai 1977, wamwakilishe kwenye kutoa diksha, akafariki Novemba, wao wakagawana dunia kanda kanda wakakalia viti vya juu, na miaka kumi haikuisha kadhaa wakawa wameanguka. Wanafunzi wao walikuwa na haki ya kutafuta kwingine, Udyoga Parva yenyewe, sehemu ya Mahabharata, inaruhusu kumuacha guru mwenye majivuno, asiyejua la kufanya na lisilofaa, aliyepotea njia. Kuchelewa kujibu barua pepe hakumo humo. Na kama una njaa, kuna shiksha guru, yaani guru wa kufundisha tu, hao waweza kuwa wengi, kaa kwa huyo wa pili ufundishwe mpaka ushibe, hakuna anayekuzuia. Diksha ni moja.

Chunguza_Kwanza
Hii chai wakuu. Mwanzo anauliza kama mgeni, katikati ana jina la Dasa, mwisho ana tiketi. Mmatumbi wa Krishna Kisutu? Ametoa TikTok. Haya tuambie ile alama ya usoni ya watu wa Krishna inapakwaje.

Kipusa255
Chai ya maziwa hii, maana nyama hali.

Mtafutaji_Kisutu
Unasugua gopi-chandana, udongo mtakatifu, na maji kidogo kwenye kiganja cha kushoto mpaka iwe uji mzito. Kwa kidole unavuta kutoka kati ya nyusi kwenda juu, mistari miwili, chini yake kwenye pua umbo la jani la tulasi. Kila sehemu ina jina lake la Mungu: paji la uso unamtaja Keshava, tumboni Narayana, kifuani Madhava, kooni Govinda, unaendelea mpaka sehemu 12. Udongo ukikauka ngozi inavuta. Umeridhika?

Chunguza_Kwanza
Weka picha ya tiketi.

MamaTulasi_Msa
Muacheni, huyo ni mwenzetu. Mwanangu, guru wako wa kwanza ana habari ya safari hii?

Mtafutaji_Kisutu
Hapana. Huyu wa pili alinishauri nisimwandikie kwanza, kwamba nitamsumbua mzee bure.

Gopal_Nai
Prabhu, wewe uliuliza sifa za guru. Anayekuambia umfiche guru wako, kwenye kipimo gani umempitisha?

Mtafutaji_Kisutu
Ana moyo mzuri jamani hamumjui. Barua nitaandika usiku huu, lakini safari siahirishi.

MamaTulasi_Msa
Andika, nitumie inboksi niisome kabla hujaituma. Na muulize huyo wa Kolkata kama atakupokea mzee akiwa anajua.