Filamu ya Inxeba ikiletwa Ngome Kongwe, Zanzibar: ionyeshwe au izuiwe?

Mtu wa Vuga: Ni filamu ya Afrika Kusini ya 2017, wanaume wawili wanapendana kwa siri jandoni, kwa Waxhosa, kabila la huko. Februari 2018 kwao iligongwa X18, daraja la picha za ngono, ikaondolewa kwenye majumba ya sinema. Juni mahakama ya Pretoria ikalifuta daraja hilo. Mimi nasema tamasha la filamu likiileta, mtu mzima aachiwe achague. Nyinyi je?

Kiungani: Achague nini? Sheria yetu ilikazwa 2004, kitendo chenyewe kosa. Unaonyeshaje kosa hadharani?

Mtu wa Vuga: Kuua si kosa? Mauaji tunayatazama kila usiku, watoto wamekaa mkekani.

Binti wa Mkoani: Mie mapenzi yao sina habari nayo. Kilichoniuma ni siri ya kumbi, kambi ya jando. Mambo ya jandoni yanaanikwa ukutani, watu wanatafuna bisi! Wazee wa Kixhosa walilalamikia hilo hilo.

Kiungani: Hapo umenena, dada.

Ng'ambo: Siri ipi tena? Bi Kidude kaipiga ngoma ya unyago majukwaani Ulaya, 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia. Mbona tulishangilia sote?

Binti wa Mkoani: Bi Kidude usimtie humu! Mola amrehemu. Alipiga ngoma, ya ndani hakuyamwaga. Na wewe mwanamme ya unyagoni umeyajulia wapi?

Ng'ambo: Nimekulia nyumba waliyochezwa wari. Bibi yangu ni somo, mfunda wari, na anasema ngoma ikifungiwa ndani itazikwa na wazee wake.

Mzee wa Malindi: Wanangu, sikilizeni. 2006 hapakuwa na filamu. Palipangwa sherehe tu ya kumkumbuka Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, kazaliwa hapa hapa 1946. Uamsho, jumuiya ya Kiislamu, wakapinga, sherehe ikafutwa. Bodi ya sensa haikuhitajika, hofu ilitosha. Mnaogombea stempu, hilo mnalijibu vipi?

Kiungani: Shikamoo mzee. Lakini Ng'ambo asitufundishe unyago, hilo kwanza.

Mtu wa Vuga: Kiungani, mzee kauliza jambo zito. Mjibu.

Binti wa Mkoani: Nitamjibu kwa heshima zote, nimalizane na huyu. Ng'ambo, bibi yako kasema ngoma. Nyimbo je? Muulize leo kama yuko tayari kuziimba zote mbele yako, mjukuu wake wa kiume. Akikubali, hiyo filamu nami nitakuja kuitazama.