Mitumbwi ya Liede na vigae vya Hamisi

Kikundi: UKOO WA BI KIDAWA 🌴
(saa zote ni za Dar, Guangzhou iko mbele saa tano)

IJUMAA, 30 MEI 2025

Kaka Hamisi (Kariakoo), saa 5:12 asubuhi
Assalaam alaykum wana ukoo. Salma mdogo wangu, kesho chukua treni uende Foshan ukaniangalizie vile vigae. Nataka picha za maboksi yenyewe, si za katalogi.

Salma (Guangzhou, China)
Waalaykum salaam kaka. Kesho sikukuu huku. Kiwanda kimefungwa mpaka Jumanne.

Kaka Hamisi
Sikukuu gani tena? Si juzi tu mlikuwa na Mei Mosi?

Salma
Hii ni Duanwu, ya mitumbwi. Kesho ni tarehe tano ya mwezi wa tano kwa kalenda yao ya mwandamo. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu hakuna kazi.

Kaka Hamisi
Na malipo yangu ya awali, asilimia 30, wanayo tangu Aprili 😩

Wifi Mwanaidi
Hamisi, mwache wifi yangu apumzike. Vigae havina miguu.

Shangazi Zuhura (Tanga)
Siku tatu! Hongera mwanangu. Sasa si uende ukauone ule Ukuta Mkuu wa China, utuletee picha na sisi tuwaringie watu.

Salma
😂 Shangazi, Ukuta uko Beijing, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapa. Treni ya kasi yenyewe ni kama saa nane.

Shangazi Zuhura
Mwe! Basi nenda karibu.

Salma
Karibu nako nilitaka, Guilin, kule kwenye milima ya mawe. Tiketi zinafunguliwa siku 15 kabla, mimi nikajivuta kidogo, kuingia nakuta zimekwisha. Sikukuu huku nchi nzima inasafiri siku moja.

Nasra (Dodoma)
Dada, subiri ile ya Oktoba. Si ndiyo ndefu?

Salma
Siku nane mwaka huu, tarehe 1 hadi 8. Lakini unadhani wanatupa bure? Jumapili ya tarehe 28 Septemba tunaingia kazini kulipia, na Jumamosi ya tarehe 11 Oktoba tena.

Kaka Hamisi
Hao ndio watu. Vijana wangu wa dukani nitawasomea meseji hii.

Wifi Mwanaidi
Wasomee na ile ya siku nane basi.

Mama
🎤 sauti, sekunde 52

Nasra
Kwa wasioweza kusikiliza: Mama Mkubwa anauliza Salma atakuwa na nani, atakula nini, na asipande vyombo vya majini kwa sababu hajui kuogelea.

Salma
Mama shikamoo. Nitakuwa na Asha wa Mombasa, yule tunayekaa naye hapa mtaa wa Xiaobei. Chakula usiwe na shaka, chini ya nyumba kuna Waislamu wa Lanzhou wanauza tambi za kuvuta kwa mkono na mchuzi wa ng'ombe. Na mitumbwi tunaitazama tukiwa nchi kavu.

Mama
Marahaba. Chukua mwavuli

JUMAMOSI, 31 MEI

Salma, saa 1:40 asubuhi
[picha] [picha] [video]
Kijiji cha Liede hicho, hapa hapa mjini. Kutoka Xiaobei ni treni ya chini ya ardhi, laini namba 5 moja kwa moja, hakuna kubadilisha.

Nasra
Dada!! Hao wanapita katikati ya maghorofa?

Salma
Kabisa. Huu ni mfereji wa kijiji, na hayo maghorofa ndiyo kijiji. Nyumba za zamani walianza kuzibomoa 2007, wakawajengea wenyewe minara papo hapo, wakarudi 2010. Majumba yao ya ukoo, ya kuwaenzi mababu, yakajengwa upya pale ukingoni mwa maji. Mtu anashuka na lifti anaingia mtumbwini.

Kaka Hamisi
Mimi Aprili nilikuja kwenye maonesho ya biashara kule Pazhou, nikaona Pazhou na Xiaobei tu. Hii hamkunionyesha.

Salma
Kaka, ulikuwa na mita ya kupimia mfukoni hata kwenye chakula cha jioni.

Wifi Mwanaidi
😂😂😂

Baba Mdogo Omari (Pangani), saa 2:15 asubuhi
Nimeiangalia video mara nyingi. Mtumbwi mmoja una watu wangapi?

Salma
Shikamoo Baba Mdogo. Mikubwa inapita watu 50. Wanakaa wawili wawili, kila mmoja na kafi yake fupi. Katikati kuna ngoma na tasa, na miavuli ya hariri iliyodariziwa jina la kijiji. Ngoma ikibadilika, makafi yote yanabadilika.

Baba Mdogo Omari
Marahaba. Mbao gani hiyo? Nyeusi mno.

Salma
Nilimuuliza mzee mmoja kwa ishara na kwa programu ya kutafsiri. Ni mbao nzito ya kisiwa cha Borneo, na wala hawaiweki bandani. Sherehe ikiisha wanauzamisha mtumbwi mferejini na kuufukia kwenye tope. Mwaka unaofuata, mwezi wa nne wa kalenda yao, wanaufukua, wanauosha, wanautia viraka.

Shangazi Zuhura
Wanauzika? Chombo kizima?

Baba Mdogo Omari
Wana akili. Mbao kama hiyo ukiiacha juani ikakauka inapasuka, na ikishapasuka kalafati yote utakayotia ni kazi bure. Kwenye tope hewa haifiki, mdudu hafiki. Na kile kichwa cha joka?

Salma
Kichwa kinachomolewa, kinakaa kwenye jumba la ukoo. Kinapakwa rangi upya, kinafungwa kwenye gubeti siku zikifika.
[picha]
Angalia ndevu zake.

Nasra
Hivi haya mashindano, anashinda nani?

Salma
Ya leo si mashindano. Wanatembeleana. Vijiji vina undugu, kuna vijiji ndugu na vijiji binamu, wa tangu enzi. Mtumbwi wa binamu ukiingia unapigiwa fataki mpaka masikio yanaziba, wenyeji wanawapa chai na keki, kisha wageni wanapiga makafi kwa fujo kuwamwagia maji watu wa ukingoni. Mimi na Asha tumelowa chapachapa, na mvua haijaanza.

Baba Mdogo Omari
Watani hao. Mtani akija lazima umwage maji.

Nasra
Asili yake nini lakini?

Salma
Wanasema kulikuwa na mshairi na kiongozi, Qu Yuan, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Mji mkuu wa nchi yake ulipotekwa akajitosa kwenye mto Miluo. Watu wakatoka na mitumbwi kumtafuta, wakatupa wali majini samaki wasile maiti yake.

Baba Mdogo Omari
Samaki ukimtupia wali ndio unamwita.

Kaka Hamisi
🤣🤣 Ba'mdogo

Mama
Huo wali ndio wanaokula leo?

Salma
Ndio Mama. Mchele wa kunata, umefungwa kwenye majani ya mianzi na uzi, unachemshwa saa nyingi. Bosi ametupa kila mtu boksi zima. Mingi ina nyama ya nguruwe na kiini cha yai la chumvi, hiyo nimempa mlinzi wa jengo, kafurahi huyo! Nimebaki na ile ya magadi, haina nyama, ya njano. Unamenya, unachovya kwenye sukari.
[picha]

Shangazi Zuhura
Wali wa magadi kwa sukari. Haya, dunia pana.

Salma, saa 4:05 asubuhi
Mvua hiyoo. Wenyewe wanaiita maji ya mitumbwi ya joka, kila mwaka msimu huu lazima inyeshe hapa Guangdong. Polisi wameweka vizuizi vya chuma, kutembea ni upande mmoja tu, huwezi kurudi ulikotoka. Tumesukumwa na umati mpaka stesheni.

Mama
Mwavuli ulichukua?

Salma
Asha alichukua 🙈

JUMAPILI, 1 JUNI

Shangazi Zuhura, saa 3:30 asubuhi
Leo wapi?

Salma
Asubuhi nimelala, nguo zinakauka mbele ya feni. Mchana tumekwenda Xianxian, msikiti ule karibu na bustani ya Yuexiu. Ndani kuna kaburi ambalo Waislamu wa hapa wanasema ni la Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria hawakubali, lakini watu wanazuru tu, na mahali penyewe pametulia, miti mikubwa.

Mama
Umeniombea?

Salma
Nimekuombea Mama, na Baba Mdogo mgongo wake.

Baba Mdogo Omari
Amin

Kaka Hamisi
Na kontena?

Wifi Mwanaidi
HAMISI

JUMATATU, 2 JUNI

Kaka Hamisi, saa 4:20 asubuhi
Salma samahani kwa kukusumbua. Jumanne wanafungua saa ngapi?

Salma
Saa mbili unusu ya huku. Kwako ni saa tisa unusu usiku. Nitakuwa getini, nitahesabu maboksi na kupiga picha namba za rangi. Asilimia 70 usitume mpaka nikwambie.

Kaka Hamisi
Mungu akubariki mdogo wangu.

Nasra
Dada leo mapumziko ya mwisho, umefanya nini?

Salma
Nimefua. Nimekula tambi. Jioni tutavuka mto na kivuko cha abiria, kile cha bei ya daladala, tuone taa za ule mnara mrefu, Canton Tower.

Mama
Si nilisema usipande vyombo vya majini

Salma
Mama, kivuko cha serikali, kina maboya 😅

Baba Mdogo Omari, saa 10:48 jioni
Salma, nimekaa nikifikiria ile habari ya tope. Ngalawa yangu imepasuka ubavu kwa jua la Februari. Lakini hapa kwangu mchanga mtupu, nitaizika wapi?

Shangazi Zuhura
Kule mikokoni kwa shemeji yako tope tele.

Baba Mdogo Omari
Shemeji nikimzikia ngalawa, mwakani nafukua misumari tu. Mbao zote atakuwa ameshazipikia.